Nyika Si Tupu

Pana maneno mawili yaliyozoewa sana vinywani mwetu kila nchi kame inapotajwa. La kwanza ni la dharau: "Kule ni porini tu, hakuna kitu." La pili ni la sifa: "Kule ni kuzuri ajabu, hakujaguswa na mtu." Watu wengi hudhani kuwa maneno haya ni maadui, kwamba asemaye la kwanza ni mjinga na asemaye la pili ni mwerevu apendaye maumbile. Nia yangu katika kurasa hizi ni kupinga dhana hiyo. Nasema kuwa maneno haya ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Yote mawili humtazama mwenyeji wa nyika asimwone.

Sinyoshei kidole watu wa mbali. Nianze na nafsi yangu. Katika muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Rhonda insha ya kuandika juu ya safari. Kijana mmoja aliyekuwa amepelekwa Baringo kumzuru shangazi yake aliandika hivi: "Tulipita Mogotio, kisha tukaingia porini ambako hakuna kitu mpaka Marigat." Nilisahihisha herufi zake, nikaweka alama ya vema, nikampa maksi nyingi. Sentensi ile haikunishtua hata kidogo, kwa kuwa nami niliamini vivyo hivyo. Tangu siku ile nimeona haya mara nyingi, maana mwalimu aliyepitisha uongo kwa sababu umeandikwa kwa sarufi safi hakutimiza kazi yake.

Na tazama ajabu ya mahali tulipo. Sisi wa Rhonda tunaishi mlangoni mwa maumbile. Mtaa wetu uko ukingoni mwa mji wa Nakuru, upande wa magharibi, na mbuga ya Ziwa Nakuru iko jirani yetu, nyuma ya ua wa seng'enge. Mto Njoro hutupitia kabla ya kuingia ziwani. Mbuga hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 maziwa matatu ya bonde letu, yaani Nakuru, Elementaita na Bogoria, yaliingizwa pamoja katika orodha ya urithi wa dunia. Watu huja kutoka Uingereza, Marekani na Ujapani kutazama kilicho nyuma ya seng'enge. Wengi wao husimama juu ya Mwamba wa Nyani, wakaelekeza kamera zao ziwani, wakajihadhari mapaa yetu ya mabati yasiingie pichani. Nyati na kifaru wanastahili kupigwa picha. Mtu anayefua nguo zake upande wa pili wa ua ni doa linaloharibu mandhari.

Sisi wenyewe tunajua jinsi doa linavyojisikia. Nimewahi kuulizwa katika ofisi moja ya mji mkubwa natoka wapi. Nilipojibu kuwa natoka Rhonda, aliyeniuliza alicheka akasema, "Rhonda kuna nini ila fujo?" Nilinyamaza kwa uchungu. Niliwakumbuka akina mama wanaoamka alfajiri kuchoma mahamri, mafundi wa seremala, vijana wanaosoma kwa mwanga wa kibatari umeme ukikatika. Hayo yote kwake yalikuwa si kitu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini hadhi haimfundishi mtu kuona. Basi, ikiwa sisi tumeumia kuambiwa hatuna kitu, kwa ujasiri gani twageuka tukamwambia mtu wa Baringo neno lile lile?

Lugha yetu yenyewe ina ushahidi wa kosa hili. Nyika ni nchi kavu ya vichaka na miiba iliyo nyuma ya pwani. Hilo ni jina la mahali, wala halina ubaya. Lakini watu wa miji ya pwani waliligeuza likawa jina la watu. Wakawaita majirani zao "Wanyika", na katika jina hilo mlikuwa na harufu ya dharau, kana kwamba anayeishi penye miiba ana akili ya miiba. Majirani hao walilichukia jina hilo. Kuanzia miaka ya 1940 walijulikana kwa jina walilolichagua wenyewe, Mijikenda, yaani miji tisa. Mahali pasipokuwa na kitu machoni pa mgeni, wenyewe walihesabu miji tisa. Funzo hili lilikuwamo katika Kiswahili kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na bado hatujalishika.

Nilijifunza kwa miguu yangu. Likizo ya Agosti moja niliondoka Nakuru kwa matatu, nikashika njia ya kaskazini. Karibu na Mogotio tulivuka mstari wa ikweta. Hewa ilianza kubadilika, baridi ya Nakuru ikabaki nyuma, na mashamba ya mahindi yakawa machache mpaka yakakoma. Migunga ikajitokeza, na vichuguu virefu vya udongo mwekundu vikasimama kama minara. Magharibi yalikuwa Milima ya Tugen, samawati kwa mbali, na mashariki ulikuwa ukingo wa Laikipia. Kando ya barabara wanawake walikuwa wameketi penye vivuli na chupa za asali. Baada ya mwendo wa kama kilomita 100 tulifika Marigat, na kutoka hapo nikaendelea mpaka Kampi ya Samaki, kwenye ufuo wa Ziwa Baringo.

Siwezi kuificha furaha niliyoipata. Asubuhi ziwa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na visiwa vyake vilionekana kana kwamba vimeelea. Viboko walikoroma majini. Furukombe alilia juu ya mti mkavu uliosimama ndani ya maji, na wavuvi wa Ilchamus wakatoka juu ya vyelezo vyao vidogo vilivyofungwa kwa mti mwepesi uotao majini, wakipiga makasia kwa mikono. Nilisimama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha nikasema neno, na neno lenyewe likaniumbua.

Nilikuwa nimekaribishwa na mzee mmoja wa Ilchamus. Tulipokuwa tukitazama uwanda ulio nyuma ya ziwa nilimwambia, "Mzee, nchi yenu ni nzuri sana. Ni tupu kabisa, mtu anaweza kupumua."

Mzee alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa shati kinyume. Akauliza, "Mwalimu, yule mgunga ni wa nani?"

Nikajibu, "Si wa mtu, mzee. Ni wa porini."

Akacheka. "Tazama matawi yake. Unaona magogo mawili? Ile ni mizinga ya nyuki. Mti ule una mwenyewe, na baba yake alikuwa akirina asali pale pale. Haya, na yale majani marefu kule, mbona huoni mbuzi hata mmoja?"

"Sijui, mzee."

"Wazee wamepafunga mpaka kiangazi. Atakayepeleka mifugo kabla ya siku atatozwa faini. Ule utupu unaouona, mwalimu, ni akiba yetu."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimesimama mbele ya ghala nikaliita jangwa. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Msafiri huona majani yamesimama, ndege wameimba na maji yametulia, akadhani mambo hayo yamejiendea yenyewe. Hajui kuwa majani yamesimama kwa sababu watu wamekaa kikao, wamebishana, wamekubaliana na wamejinyima.

Wala mambo haya si mapya. Msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipofika Njemps, kusini mwa ziwa hilo, katika safari yake ya miaka ya 1883 na 1884, hakukuta pori la bure. Alikuta vijiji vyenye mashamba yaliyonyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa na wenyeji. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuyajua mashamba hayo. Wapagazi waliovuka nyika kutafuta pembe za ndovu walipumzika hapo na kununua nafaka kabla ya kuendelea na safari. Watu wa pwani walioidharau nyika walilishwa na nyika! Mifereji ile ilikufa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kunyunyiza maji wa Perkerra huko Marigat, kwa nguvu za mahabusu wa wakati wa hali ya hatari, na wengi wakaamini kuwa ndipo maji yalipofunzwa kwa mara ya kwanza kuingia shambani.

Na kama mtu anatafuta mambo makongwe zaidi, asiende mbali. Katika Milima ya Tugen ile niliyoiona kwa dirisha la matatu, mwaka 2000 wataalamu walifukua mifupa ya kiumbe waliyempa jina la Orrorin tugenensis, aliyeishi kadiri ya miaka milioni sita iliyopita, na ambaye wengi wao humhesabu miongoni mwa jamaa wa kale kabisa wa ukoo wa binadamu. Kijana wangu alipoandika "hakuna kitu mpaka Marigat" alikuwa akipita karibu na ua wa mababu wa wanadamu.

Sasa huenda msomaji akasema: "Mwalimu, dharau ni mbaya, tumekubali. Lakini sifa ina dhambi gani? Mtu akipenda maumbile, mwache apende." Hapa ndipo ninapotaka tushindane kwa hoja. Twende Bogoria.

Ziwa Bogoria liko kusini mwa Baringo, nami nililipitia niliporudi. Maji yake ni ya magadi. Kwenye ufuo wa magharibi chemchemi za maji ya moto huruka juu kwa mvuke, na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo, hukusanyika kwa wingi mpaka ukingo wa ziwa unabadilika rangi. Tandala wakubwa huishi katika vichaka vya jirani. Mwaka 1885 askofu Mwingereza, James Hannington, alipita huko akielekea Uganda, na mwaka huo huo akauawa Busoga. Kwa safari hiyo moja ziwa likaandikwa katika ramani kwa jina lake, Ziwa Hannington, kana kwamba halikuwa na jina. Lakini kando yake waliishi Endorois, watu wa jamii ya Kalenjin. Walichunga hapo, walipata chumvi ya mifugo na dawa za mitishamba hapo, waliwazika wafu wao na kufanya matambiko yao hapo. Kwao ziwa ni makao ya roho za mababu.

Mwaka 1973 ardhi hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na Endorois wakaondolewa. Angalia vema sababu. Hawakuondolewa na mtu aliyesema kuwa Bogoria ni mahali pabaya. Waliondolewa kwa sababu Bogoria ni pazuri, na katika picha ya uzuri ule mwenyeji hakuwa na nafasi. Mahali palipositawi pamoja na watu kwa vizazi vingi paliambiwa kuwa hapawezi kusalimika ila watu watoke. Wenyewe hawakukubali. Walishitaki, wakavumilia miaka mingi, mpaka shauri lao likafika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wa Tume ulithibitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010. Ulisema kwamba haki zao zilivunjwa: haki ya mali, ya dini, ya utamaduni, ya maliasili na ya maendeleo. Hata hivyo kuandika hukumu ni jambo moja na kuitekeleza ni jambo jingine. Mwaka 2013 Tume ilibidi kuikumbusha serikali wajibu wake.

Hilo ndilo jibu langu kwa anayeuliza sifa ina dhambi gani. Sifa isiyomtaja mwenyeji yaweza kumfukuza mwenyeji. Dharau humnyima barabara, sifa humnyima ardhi.

Na kweli dharau imemnyima. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, serikali yetu ilitoa Waraka Namba 10 juu ya mpango wa uchumi. Waraka huo ulishauri kuwa fedha za maendeleo zipelekwe zaidi pale zitakapozaa faida kubwa upesi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Nchi za ufugaji hazikuwa na mvua, hazikuwa na njia, wala hazikuwa na umeme, kwa hiyo zikaambiwa zingoje. Aliyenyimwa jembe akalaumiwa kwa kutolima.

Dharau hiyo hata inapojaribu kutenda wema hukosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wenye nia njema waliona kuwa uwanda wa Baringo umekaa wazi, wakaleta mti wa kigeni kutoka Amerika, ule tunaouita mathenge, ili uzuie mmomonyoko na kuleta kuni. Sikatai, kivuli ulileta na kuni na makaa ulileta. Lakini ulivamia malisho, ukafunga njia za mifugo, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo walikwenda mahakamani pamoja na mbuzi asiye na meno awe shahidi wao. Baadhi ya watu walicheka waliposikia habari ile. Mimi sioni kichekesho. Uwanda ule haukuwa wazi. Ulikuwa akiba, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Najua lipo pingamizi moja zito, nami sitalikwepa. Mtu ataniambia: "Unasifu nyika ukiwa umerudi nyumbani Rhonda. Huko kuna ukame, kuna wizi wa mifugo kwa bunduki, kuna wasichana waliokeketwa na kuozwa kabla ya kumaliza shule. Kama kuna uzuri, mbona huhamii?" Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukame ni adui wa kweli. Mashambulizi ya kugombea mifugo yamefunga shule na kuacha mayatima. Sheria ya mwaka 2011 ilipiga marufuku ukeketaji katika nchi nzima, na ni wajibu wetu sote kuitetea. Hata ziwa lenyewe si la kuaminiwa daima: kwa miaka mingi maji ya Baringo yalipanda, na mwaka 2020 yalizimeza nyumba, shule na hoteli za ufuoni.

Lakini pima hoja hiyo kwa mizani. Je, Rhonda haina wezi? Je, Nakuru haina wasichana walioacha shule? Kosa la mtu wa mjini huitwa kosa la mtu, bali kosa la mtu wa nyika huitwa desturi yao. Mimi sisemi tusifu kila kitu. Kusifu kila kitu ni njia nyingine ya kutotazama. Nasema tumtazame mwenyeji kama mtu kamili, mwenye hekima na makosa, mwenye ardhi na haki. Msichana wa Baringo anayepigania masomo yake hahitaji tumwonee huruma wala tumwimbie sifa. Anahitaji shule iliyo karibu, njia iliyo salama na mwalimu asiyeidharau lugha ya mama yake.

Vijana, siku moja mtasafiri, maana waliosema "tembea uone" hawakukosea. Lakini kutembea si kuona. Macho yanaweza kuzunguka dunia nzima yasione kitu, kama kamera isiyo na mwenyewe. Mkifika nchi ngeni, ulizeni kwanza jina la mahali kama linavyotamkwa na wenyeji. Ulizeni njia hii ilifunguliwa na nani, kisima hiki kilichimbwa na nani, malisho haya yanafunguliwa lini. Mkaribishwapo, kaeni, mle, msikilize, na msimpige mtu picha kabla hamjamwamkia. Mkirudi msiseme "hakujaguswa", kwa sababu huo ni uongo. Palipendwa na kutunzwa na mikono ambayo ninyi hamkuiona.

Nasi tuanze hapa hapa nyumbani. Mto Njoro unaotupitia huenda ziwani na kila tunachoutupia. Hatuwezi kuwahubiria watu wa Baringo habari za kutunza maumbile huku taka zetu zikisafiri kwenda kwa heroe.

Muhula ujao nitatoa kichwa kile kile cha insha ya safari. Atakayeandika kuwa alipita mahali pasipo na kitu nitamrudishia daftari lake bila maksi. Sitamrudishia kwa hasira. Pembeni nitamwandikia swali la yule mzee, ili aende akalitafutie jibu: "Yule mgunga ni wa nani?"